Arusi Ifanywayo Mbali na Nyumbani: Somo kwa Washarika na Wainjilisti



Tumeulizwa mara nyingi na wainjilisti wetu, tena na wazazi wenye watoto waliokwisha kuposa au kuposwa, habari ya arusi zifanywazo mbali na mahali wanapokaa maarusi. Hapo kale jambo hili lilikuwa nadra. Kijana alioa ng'ambo ya kijito. Baba za pande mbili walijuana tangu utoto. Siku ya arusi watu walikwenda kwa miguu, na usiku kila mtu alilala kwake. Siku hizi kijana azaliwa Bukoba, afanya kazi Dar es Salaam, aposa binti wa Marangu afundishaye shule Dodoma, na wazazi wa binti wataka ndoa ifungwe katika kanisa alilobatiziwa. Wako na wengine ambao hawana jamaa wala usharika mahali wanapopachagua, ila wamependezwa na bahari ya Unguja au na theluji ya Kilimanjaro. Hatuwakemei. Kupenda mahali pazuri si dhambi. Lakini tumeona wengi wa hao wakifika mbele ya madhabahu wamekonda, hawasemezani, na jamaa zao wamegawanyika makundi mawili. Nasi twajua ya kuwa jambo lililowataabisha si umbali wenyewe, bali ni matayarisho yaliyoanzwa mwisho badala ya mwanzo.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana mwenye kufundisha wengine afadhali atangulie kujifunua. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitumika katika usharika mmoja wa mlimani. Mwezi wa Oktoba walitujia kijana na binti, wote wawili wakaao Dar es Salaam, wakataka ndoa yao ifungwe kwetu Jumamosi moja ya Desemba, kwa kuwa bibi mzaa mama wa yule binti alikuwa mzee sana, hawezi kusafiri. Walituletea vyeti vyao vya ubatizo na vya kipaimara, barua ya usharika wao, na karatasi ya taarifa ya ndoa waliyokwisha kuijaza. Tulifurahi, tukawaambia, "Nendeni kwa amani, mambo yote ni tayari." Tukazitia karatasi katika bahasha, na bahasha katika mtoto wa meza, tukikusudia kuanza kuzitangaza Jumapili ifuatayo na kupeleka nakala kwa mchungaji wao wa mjini. Kesho yake tuliitwa mkutanoni, tukakaa huko juma zima. Tuliporudi palikuwa na msiba, na baada ya msiba palikuwa na mavuno ya kanisa.

Siku ya Jumanne katika juma la arusi yule binti alikuja kwetu, akatuuliza kwa kucheka, "Baba Mchungaji, katika matangazo yale matatu hakuna aliyenipinga?" Tulifungua mtoto wa meza. Bahasha ilikuwamo, haijaguswa.

Wasomaji wetu waweza kufahamu hali yetu saa ile. Tulimwendea Mkuu wa Jimbo. Naye alisema jambo tulilolijua, kwamba ndoa isiyotangazwa hatutaifunga. Iko njia ya kumwomba Msajili Mkuu wa serikali leseni ya kuondoa tangazo, lakini kwa siku nne tulizobaki nazo hatukufanikiwa. Na basi la jamaa za bwana arusi lilikuwa limekwisha kuondoka Bukoba, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mlimani kwetu, likija kwa njia ya Nzega na Singida, watu wakilala njiani. Usiku wa Alhamisi pande mbili walikutana sebuleni kwa baba ya binti. Maneno makali yalisemwa, nasi tuliyastahili. Mwisho yule bibi mzee, aliyekuwa amenyamaza karibu na moto, alisema, "Wageni wamekwisha kufika, basi wale. Ndoa itangoja."

Ikawa hivyo. Jumamosi watu walikusanyika, wakaomba, wakala, wazee wakajuana. Na jioni kijana akarudi penye jamaa zake, na binti akabaki kwao. Matangazo yakasomwa Jumapili tatu. Katikati ya Januari, siku ya kazi, ndoa ikafungwa mbele ya watu 11, na bibi mzee ameketi kiti cha mbele amefunikwa blanketi. Lakini baba ya bwana arusi, mzee aliyekaa siku mbili ndani ya basi kwa ajili ya kuiona ndoa ya mwanawe, hakuiona. Hakuwa na nguvu wala fedha ya kuja mara ya pili. Alituambia kwa simu ya kuwa ametusamehe. Twaamini ametusamehe, lakini kila tunapofungua mtoto wa meza ile twamwona.

Kwa hiyo twawaambia ninyi mnaotaka kuoana mbali: kabla ya ukumbi, kabla ya kadi, kabla ya nguo, ulizeni habari ya karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka wenye kutaka kuoana watoe taarifa kwa msajili au kwa mchungaji mwenye leseni, si chini ya siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Katika taarifa hiyo huandikwa majina yao, umri, makao, majina ya wazazi, na hali yao, kama hawajaoa wala kuolewa, au wamefiwa, au ndoa ya kwanza imevunjwa kwa hukumu. Siku hizo 21 zapatana vema na desturi yetu ya kutangaza Jumapili tatu. Wakaao mbali na kanisa watakapooana yafaa watangazwe mahali pote wanapojulikana: katika usharika wanakokaa sasa, na katika usharika wa nyumbani. Kwa maana mtu akiwa na mke aliyemwacha kijijini, watu wa mjini watajuaje? Na akiwa na mke mjini, watu wa kijijini watajuaje? Tangazo si sauti tupu ya kutimiza utaratibu. Mara mbili katika utumishi wetu limewaokoa mabinti wa watu.

Basi hesabuni kurudi nyuma tangu siku ya arusi. Siku 21 ni mpaka wa sheria; lakini barua nazo hutaka siku zake, na wachungaji, kama mlivyokwisha kusoma, wana mtoto wa meza. Miezi mitatu si mingi. Baada ya kupeleka karatasi, mwulizeni mchungaji kwa adabu kila Jumapili, "Baba, tumetangazwa?" Mchungaji mwema hatakasirika. Mwulizeni tena kama ana leseni ya kufungisha ndoa, hasa ikiwa ni mjomba au rafiki atokaye mbali ambaye mwataka aje kuwafungia. Na mchungaji wa mahali pale apewe habari mapema, asije akasikia siku ya Ijumaa ya kuwa kanisa lake lina mgeni. Ulizeni pia habari ya majira ya Kanisa, maana sharika nyingi hazifungi ndoa katika Kwaresima. Tena mafundisho ya ndoa hayawezi kubanwa katika saa moja ya usiku wa mwisho. Kama mwakaa mjini, fundishwenu na mchungaji wa mjini, mlete barua yake.

Wako watakaouliza, "Je, karamu yaweza kutengwa na ndoa pasipo aibu?" Yaweza, wala si jambo jipya kwetu. Martin Luther alimwoa Katharina von Bora jioni ya tarehe 13 Juni 1525 nyumbani mwake katika mji wa Wittenberg, mbele ya watu wachache tu: Johannes Bugenhagen aliyekuwa mchungaji wa mji, Justus Jonas, Johann Apel, na Lucas Cranach mchoraji pamoja na mkewe. Karamu ya watu wengi ilifanywa tarehe 27 Juni, majuma mawili baadaye, na wazazi wake Hans na Margarethe waliokaa mbali, katika nchi ya Mansfeld, wakapata nafasi ya kufika. Luther mwenyewe aliandika barua za kuwaalika rafiki zake. Kwa Leonhard Koppe wa mji wa Torgau, yule aliyewasaidia Katharina na wenzake kutoka katika nyumba ya watawa mwaka 1523, aliomba aje na pipa la pombe ya mji wake. (Hatulisemi hili ili kamati zenu zipate hoja.)

Basi mtu ambaye jamaa zake wametawanyika katika nchi aweza kufikiri kama Luther. Ndoa yenyewe haihitaji watu 400. Sheria yataka mashahidi wasiopungua wawili. Kama kuwasafirisha watu wote hadi mahali pamoja kutawatia madeni, fungeni ndoa katika usharika wenu wenyewe mbele ya wachache, kisha nendeni nyumbani kwa wazee mkale nao karamu siku waliyo na nafasi. Au fanyeni kinyume chake: ndoa ifungwe mbele ya bibi mzee asiyeweza kusafiri, na rafiki wa mjini waandaliwe chai baadaye. Tumeuliza wengi waliofanya hivyo, na hatujampata hata mmoja aliyejuta.

Mkiisha kukata shauri ya mahali na siku, chagueni mtu mmoja. Hapa ndipo arusi nyingi za mbali huharibika. Maarusi wako mjini, ukumbi uko kijijini, shangazi mmoja aagiza turubai, mjomba mwingine aagiza turubai lingine, na mpishi hajaagizwa na mtu. Someni tena sura ya 24 ya kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu alitaka mke kwa ajili ya Isaka kutoka nchi ya mbali, wala hakutuma kamati. Alimtuma mtumishi mmoja, mzee wa nyumba yake, akampa ngamia 10 na amri juu ya mali yote. Na mtumishi yule, kabla hajafunga safari, aliuliza swali moja la akili sana: Itakuwaje ikiwa mwanamke hatakubali kunifuata? Akajibiwa ya kwamba hapo atakuwa amefunguliwa katika kiapo chake. Angalieni: aliuliza habari ya kushindwa kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Tena alipofika hakula chakula mpaka amesema aliyotumwa. Na ndugu za binti walipotaka akawie siku 10, alijua amri yake, akaomba apewe ruhusa. Na binti mwenyewe aliitwa akaulizwa kwa kinywa chake kama atakwenda.

Mtu wenu wa namna hiyo awe mwenyeji wa mahali pa arusi, mwenye kujua bei za soko la pale, mwenye kusema hapana bila kugombana. Si lazima awe tajiri wala msomi. Mara nyingi mke wa mwinjilisti afaa kuliko ndugu mwenye gari. Mpeni daftari, mpeni fedha kwa mafungu, aandike. Na shangazi na mjomba waambiwe wazi, kwa heshima yao, ya kuwa neno lolote la arusi lapitia kwake. Mwulizeni yale ya mtumishi wa Ibrahimu: mvua ikinyesha, tutakuwa wapi? Basi likiharibika, nani atakwenda kuwachukua watu? Umeme ukikatika, tuna taa gani? Mkiisha kuyajibu haya kabla, siku yenyewe yakitokea hayatawatoa machozi.

Sasa habari ya wageni. Mgeni asafiriye siku mbili si sawa na mgeni atokaye mtaa wa pili. Huyu wa mbali atalala, ataoga, atakunywa chai asubuhi na uji jioni, kabla hajaona hata kipande cha keki. Kwa hiyo hesabuni vitanda kwanza, kadi baadaye. Pitieni nyumba kwa nyumba katika mtaa, mkaandike: kwa mama fulani watu wanne, kwa mzee fulani wawili, magodoro matatu yatoka shuleni. Wageni wa upande mmoja wasitawanywe mbali mno, maana watu ugenini hupenda kusikia lugha ya kwao usiku. Wazee walale karibu na choo. Twajua wasomaji wengine watacheka, lakini aliyekwisha kuona mzee wa miaka 80 akitafuta njia gizani katika migomba isiyo yake hatacheka.

Wafike siku mbili kabla. Basi liwasilipo Ijumaa usiku wa manane laleta watu waliovimba miguu, nao huketi kanisani Jumamosi wakisinzia. Desemba, hasa majuma mawili ya mwisho, watu wa Kilimanjaro hurudi kwao kwa wingi kwa ajili ya Krismasi, na nafasi za mabasi huwa taabu. Mwenye kuchagua siku hizo akate tiketi mapema sana. Faida yake ni kwamba jamaa wengi wako nyumbani tayari, bila kusafirishwa. Mvua za masika, tangu Machi hadi Mei, huzigeuza njia nyingi za mlimani kuwa utelezi ambao gari dogo halipandi. Tangu Juni hadi Agosti baridi ni kali huko juu, na mawingu huufunika mlima siku nyingi. Watu watokao Dar es Salaam waambiwe walete sweta. Wenye kutaka picha pamoja na kilele wamwamshe mpiga picha alfajiri. Mlima huonekana zaidi asubuhi na mapema au karibu na jioni, na arusi zetu huwa mchana.

Wanaotaka kwenda Unguja wajue kwanza ya kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Basi msifikiri karatasi mliyozoea itatosha. Ulizeni huko huko, mapema, kwa mchungaji aliye kule na kwa ofisi ya serikali. Boti ziendazo mbio kutoka Dar es Salaam huchukua muda wa saa mbili hivi, na wakati wa kusi bahari huchafuka, hata watu wa bara hutapika. Nguo ya arusi isivaliwe botini. Tena bahari ina saa yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Penye mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya mashariki ya kisiwa, maji yakipwa hujitenga mbali hata huyaoni ila kwa macho makali, na yakijaa huumeza mchanga mlioupangia viti. Mwulizeni mvuvi kabla ya kuandika saa katika kadi. Tumesikia habari za bibi arusi mmoja aliyesimama hali maji yamemfika vifundoni, na mchungaji akifupisha hotuba yake kwa upesi usio wa kawaida.

Juu ya fedha tutakuwa wakali kidogo. Desturi ya kuchangiana ni njema. Ni ile ile ya zamani ya kila nyumba kuleta mkungu wake na kibuyu chake. Lakini siku hizi kamati huandika ahadi katika daftari, kisha hutumia ahadi kana kwamba ni fedha. Mtu aahidi shilingi laki moja mbele ya watu ili asionekane mnyonge, naye ana ada za shule za watoto watatu. Kamati hukopa kwa kutegemea laki ile. Mwisho maarusi huanza nyumba yao kwa kuwakimbia wenye maduka. Shaurini hivi: fedha iliyo mkononi mwezi mmoja kabla ya arusi, hiyo ndiyo arusi yenu. Itakayokuja baadaye ni neema. Tena toeni fungu la kumi la fedha hiyo, likae kando bila jina, kwa ajili ya gurudumu litakalopasuka na mgonjwa atakayepelekwa hospitali. Lisipotumika, wapeni maarusi wanunulie magodoro.

Mgeni aliyelipa nauli ya mbali amekwisha kuchanga. Hili twalisema kwa sauti kuu. Msimletee kadi ya mchango juu ya nauli yake, wala msimwagize sare. Kumbukeni arusi ya Samsoni kule Timna, iliyofanywa mbali na kwao, kati ya watu asiowajua. Karamu ya siku saba, na wenzi 30 waliowekwa naye. Na jambo lililoanza kama mchezo wa kitendawili likawa ugomvi wa nguo 30 za kitani na mavazi 30 ya kubadili, hata watu wakafa kwa ajili ya nguo hizo, na mke akapewa mtu mwingine. Sisi hatujaona watu wakifa kwa ajili ya vitenge vya sare, lakini tumeona dada wawili wasiosalimiana mwaka wa tatu sasa.

Chakula kisiwe cha kubahatisha. Kilo moja ya mchele hutosha watu sita hadi wanane penye nyama na ndizi, basi kwa wageni 200 kilo 30 hivi zatosha, na wapishi wa jamaa watawaambia 60 kwa kuogopa aibu. Ndafu ni heshima ya Wachagga, wala hatuiondoi. Ila mbuzi mmoja akatwe vizuri, yatosha. Wageni wa Bukoba wakileta senene zao, zipewe nafasi mezani pamoja na ndafu. Karamu ya jamaa mbili haina haja ya kuwa ya upande mmoja.

Lakini na mkihesabu sana, kitapungua kitu. Kule Kana kilipungua, hali Bwana mwenyewe ameketi karamuni. Tumependa kuangalia jinsi mama yake alivyofanya. Aliona upungufu, hakupiga kelele, hakumlaumu bwana arusi; alimwambia mmoja awezaye kusaidia, kisha akasema na watumishi. Mkuu wa meza hakujua kilichotokea. Waliochota maji ndio waliojua. Chagueni mama wa namna hiyo. Kazi yake siku ile ni kupita jikoni na mlangoni, kuona kilichopungua kabla hakijasemwa, na kuhakikisha ya kwamba habari hiyo haimfikii bibi arusi. Bibi arusi asiulizwe siku ile sufuria iko wapi. Simu yake ikae kwa mpambe wake. Bwana arusi vivyo hivyo. Asitumwe kununua soda, kama tulivyoona kwa macho yetu.

Neno moja juu ya mahari, kwa sababu katika arusi za mbali huzuka usiku wa mwisho. Wazee wa pande mbili, ambao hawakupata kuonana ila mara moja, huketi na kukumbushana mbuzi ambaye hakuletwa. Sheria ya 1971 yasema ya kuwa ndoa iliyofungwa kwa haki haiharibiki kwa sababu mahari haikutimizwa. Lakini hukumu ya sheria haitawapatanisha wazee wakiwa sebuleni saa tano ya usiku. Basi mshenga na ayamalize kabla kadi hazijapigwa chapa, tena kwa maandishi, kila upande ukiwa na nakala. Penye desturi mbili zisizofanana, kama za Wahaya na Wachagga, kila upande uuelezee mwenzake desturi zake kwa upole mapema; maana tumeona mtu akikasirika kwa kutopewa kitu ambacho wenyeji hawakuwahi kusikia jina lake.

Wainjilisti wapenzi, kwenu tuna ombi. Mkiletewa karatasi za watu wa mbali, msizitie katika mtoto wa meza. Sisi tangu siku ile tumepigilia msumari ukutani karibu na mlango wa ofisi, na karatasi ya ndoa ikija hutundikwa hapo, ikae mbele ya macho mpaka imetangazwa mara ya tatu. Nyuma yake huandikwa tarehe za Jumapili tatu, na jina la aliyesoma. Nakala iendayo kwenye usharika mwingine huandikiwa siku ilipotumwa, na siku jibu liliporudi. Jibu lisiporudi katika majuma mawili, twapiga simu.

Na arusi ikiisha, mkumbuke kwamba Jumapili wageni wa mbali bado wapo, wana njaa, na wapishi wamechoka. Wekeni akiba ya uji na chai kwa ajili yao, na mtu wa kuwasindikiza hadi kituo cha basi. Yule wenu wa daftari asiachwe peke yake na mabaki. Jumatatu asubuhi sufuria za usharika zirudishwe, zihesabiwe pamoja na vifuniko vyake, na aliyeziazima aandike jina.